Mzee wa Mtaa Ana Kura Moja

(Mazungumzo na wazee wa mitaa na vijiji, maimamu na kina mama wa vikundi, Lamu, baada ya sala ya Alasiri)

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, maimamu wetu, na kina mama mlioketi kule nyuma. Kina mama, sogeeni mbele kidogo, maana mengi nitakayosema leo yanawahusu nyinyi kuliko hawa waliopewa viti.

Nililetewa karatasi yenye kichwa cha mazungumzo: wazee wasiegemee upande. Nikamwambia aliyeileta, haya ni maneno matatu tu. Nikiyasema nikaketi, kila mzee ataitikia naam, na usiku huohuo atampokea mgeni wa siasa kwa mlango wa nyuma. Kwa hivyo kichwa hicho nimekiweka pembeni, nami nitaanza na mpira. Si mpira wa miguu. Ni ule mpira mwembamba wa kufungia noti.

Mwaka mmoja nilikuwa karani wa uchaguzi katika shule ya msingi kisiwani Pate. Mwaka sitautaja na kijiji sitakitaja, kwa kuwa nasali safu moja na wajukuu wa mzee ninayemsimulia. Saa tatu za asubuhi maji yalikuwa yamejaa, dau likafunga karibu. Akashuka mzee wa kijiji, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi, na nyuma yake kina bibi saba. Alipofika mezani kwangu akatia mkono mfukoni, akatoa vitambulisho saba vilivyofungwa kwa mpira. Akaviweka mbele yangu kama mtu anayelipa deni la duka.

"Hawa wangu," akasema. "Hawajui kusoma. Nitaingia nao."

Msimamizi wa kituo alikuwa binti mdogo tu. Akamwambia kwa adabu: mzee, kanuni hairuhusu. Asiyejua kusoma, au asiyeona, ana haki ya kuingia na msaidizi amtakaye mwenyewe, mtu mzima ambaye si mgombea wala wakala. Huyo msaidizi huapa kutunza siri, na humsaidia mpiga kura mmoja tu. Mpiga kura asiyekuja na mtu, msimamizi ndiye humsaidia, mawakala wakiwa wanaangalia. Mzee akapandisha sauti. Foleni ikasimama, mawakala wakaanza kunong'onezana. Hapo bibi mmoja akajipenyeza mbele, akanyosha mkono kwangu: "Mwanangu, nipa kitambulisho changu. Mimi nashona kofia kwa macho haya haya. Kalamu itanishinda nini?"

Nikafungua ule mpira, nikampa. Akachukua karatasi zake sita, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na ya mwakilishi wa wadi, akaingia peke yake. Alikawia kule ndani, ila akatoka. Waliobaki, watatu walimtaka msimamizi, wawili wakaingia wenyewe, na mmoja akaingia na mzee. Watu saba walioshuka pamoja kwenye dau moja, wakapiga kura kwa njia tatu tofauti.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimewaletea kisa cha kufurahisha. Ramadhani iliyofuata tende za msaada zilifika kijijini, na orodha ya nyumba aliiandika mzee. Bibi wa kofia jina lake halikuwamo. Nilipouliza nikaambiwa alisahauliwa. Katika kina bibi saba, aliyesahauliwa ni mmoja, na ni yule.

Wazee wangu, mimi sijui bibi yule alimpigia nani. Mzee naye hakujua. Kura yake ilikuwa siri, na sanduku halikufunguliwa mpaka jioni. Hakuadhibiwa kwa sababu ya mtu aliyemchagua. Aliadhibiwa kwa kuwa aliingia peke yake. Na wale sita wengine, mnadhani hawakuona? Uchaguzi uliofuata nani angethubutu tena kunyosha mkono kudai kitambulisho chake?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba maadamu kuna kibanda na sanduku lililofungwa, mzee na apige debe anavyotaka, mtu ataamua mwenyewe ndani. Labda mjini Mombasa au Nairobi, ambako mtu hamjui mzee wa mtaa wake. Kwetu hapa mzee ndiye anayesema huyu ni mtoto wa fulani bin fulani, mpeni kitambulisho. Ndiye anayeshuhudia mpaka wa shamba na mnazi wa nani uko wapi. Ndiye anayeulizwa nani maskini kweli wa kupata basari, na ni bibi gani aliyetimiza miaka 70 asajiliwe pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi. Mashua ya kijiji ikienda kituoni, yeye ndiye anayejua nani apande mwanzo. Mtu mwenye vitu vyote hivyo mkononi akisema "mimi namuunga mkono fulani," hajatoa maoni yake. Amewauliza watu swali, na kila mmoja anajua jibu linalotakiwa.

Kitambulisho nakirudia, maana ndipo haki ya kura inapoanzia. Bila kitambulisho au pasi ya kusafiria, jina lako haliingii kwenye daftari la wapiga kura. Vijana wa mipakani, na wetu wa Kiunga wakiwemo, wamepitishwa miaka mingi kwenye kamati za uchunguzi, wakiulizwa babu alizikwa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa ule ukaguzi wa ziada. Tumefurahi. Lakini tamko la Nairobi halimwondoi mzee kwenye mkeka. Bado kijana anakuja kwako kutaka neno lako. Ukimwambia "rudi wiki ijayo" kwa sababu baba yake yuko kambi ya pili, na wiki ijayo ikawa mwezi, na mwezi ukafika siku ya kufungwa daftari, umemnyima kura na hukumgusa hata kidole. Kaunti yetu ndiyo yenye wapiga kura wachache kuliko zote nchini. Mwaka 2022 nchi nzima iliandikisha milioni 22 na zaidi, sisi Lamu elfu themanini na kitu. Kura kumi kwetu si kitu cha kuchezea.

Sasa kuna wanaosema, na nimewasikia wakisema pale Mkunguni juu ya bao na kahawa, kwamba mambo haya ya mtu na kura yake ni ya kigeni, desturi ya Amu, yaani Lamu yetu hii, ni wazee kuamua. Wananitajia Yumbe, lile baraza la zamani la wazee. Na kweli, mui huu, yaani mji wetu, kwa muda mrefu haukuwa na sultani wake. Wazee wa koo walikaa Yumbe wakatawala, wakiwa na kambi zao mbili, Zena na Suudi, wakivutana kama kambi za leo zinavyovutana. Ni historia ya kujivunia. Lakini ndugu yangu unayeitamani Yumbe, kwanza jiulize babu yako alikuwa anakaa wapi siku ya kikao. Waliokaa ndani walikuwa waungwana wa koo kubwa. Mtumwa hakukaa. Mvuvi aliyetoka visiwani hakukaa. Bibi yako hakukaa. Nusu ya walioko kwenye chumba hiki, tukirudi Yumbe, tungekuwa nje tunashika ndala.

Tena tumeshawahi kujaribu kura isiyo siri, na si zamani sana. Wa umri wangu wanaukumbuka mlolongo wa 1988. Wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo, walisimama uwanjani, au wakala wao akashika picha, na watu wakapanga mstari nyuma ya mtu wao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, hata kura ya siri hakuhitaji. Nilikuwa mwalimu kijana. Nakumbuka mvuvi mmoja, jirani yetu, aliyesimama kwenye mstari asioupenda. Nikamuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia: "Tajiri wangu alikuwa amesimama pale anahesabu. Nyavu zake, dau lake, na deni langu la mafuta liko kwake." Chifu naye alikuwa hapo, wala hakuwa na haja ya kusema neno. Macho yalitosha. Nchi nzima ililalamika mpaka mlolongo ukaondolewa, na Desemba 1992 tukarudi kwenye sanduku na vyama vingi. Sasa nikiona mzee amekaa kiti mlangoni mwa shule siku ya kura, mita chache tu kutoka kwenye foleni, anaamkia kila anayepita kwa jina lake, mimi nauona mlolongo umerudi umevaa kanzu.

Msidhani nimekuja kuwasuta. Nami nimo. Miaka kadhaa nyuma mgombea alikuja mtaani kwetu, tukaketi wazee sita na mimi karani wao, tukanywa chai na mahamri ya mbaazi, na mwisho nikasimama kutoa shukrani. Nikasema, "Sisi watu wa mtaa huu tumekubaliana, kura zetu ni zako." Makofi yakapigwa. Usiku akaja kijana mmoja niliyemsomesha darasa la sita, akabisha hodi, akakataa hata kuketi. "Mwalimu," akasema, "nimekuja kuuliza. Tulikubaliana lini?" Nikatafuta jibu nikalikosa. Watu saba na birika la chai tumekuwa mtaa mzima!

Neno hilo, tumekubaliana, lichungeni. Lina ndugu zake: jamii imeamua, wazee wameshasema, sisi huku tuna kauli moja. Mwanasiasa analipenda kwa kuwa linampunguzia kazi. Badala ya kubisha milango mia mbili anabisha mmoja. Na anachokilipia ndicho hicho, ile milango mingine ambayo hatabisha. Bahasha anayokuachia si zawadi ya uzee wako, ni bei ya majirani zako, na wao hawajui kwamba wameuzwa wala hawapati hata senti.

Majirani zetu wa Malindi na Magarini wana jambo kama hili kwa wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kila uchaguzi ukikaribia wanasiasa hupanga foleni kutaka baraka, wavishwe nguo za kimila, wapigwe picha. Na watu hao hao ndio warithi wa Mekatilili wa Menza! Yule mama mwaka 1913 aliwaapisha Wagiriama wasitii, akiwapinga wazi maheadman waliowekwa na serikali ya Mwingereza, waliokuwa wanakusanya kodi ya nyumba na kuwatoa vijana kwenda kufanya kazi. Akakamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii. Mwaka uliofuata Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Sasa mtu anaichukua heshima iliyopatikana kwa kukataa kutumwa, anaivalisha mgombea kwa picha ya simu. Siwasemi hao kwa dharau, maana sisi huku dua zetu tunazitoa vilevile.

Basi dua je? Mgombea akija kuomba dua, tumfukuze? Hapana. Dua haina chama. Mwombee afya, mwombee aongoke, mwombee aache uongo. Akija mpinzani wake kesho, mwombee hayohayo, kwenye msikiti huohuo, kwa urefu uleule. (Kuna imamu, hayuko hapa leo, ambaye dua yake kwa mgombea mmoja ilichukua robo saa na kwa mwingine akasema amin peke yake. Watu walicheka, lakini walielewa.) Ukimaliza dua, usiseme "tumekupa." Umempa nini? Na bahasha irudi na mwenyewe.

Kiapo ni jambo jingine, na hapa nasema kwa uzito. Kuna nyumba watu huitwa usiku, msahafu ukaletwa, wakaambiwa waape kwamba kura yao ni ya fulani. Mtu mzima anatoka pale roho imefungwa. Anaogopa kibanda kuliko anavyoogopa askari. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu jambo hili kuwa kosa. Kumtisha mpiga kura kwa madhara ya mwili au ya kiroho ni ushawishi haramu, awe aliyemtisha ni chifu, tajiri, imamu au mganga. Mashekhe wetu mko hapa na nyinyi ndio wenye fatwa, mimi ni mwalimu wa hesabu. Nawaomba Ijumaa moja kabla ya kampeni muwaeleze watu hukumu ya yamini ya namna hii, na kafara yake ikoje. Kuna watu wanabeba mzigo huo miaka na hawana wa kumuuliza.

Sheria sitaikalia sana. Katiba kwenye Ibara ya 38 inampa kila raia uhuru wa kuchagua, na Ibara ya 81 inataka kura iwe ya siri, isiyo na vitisho, ushawishi usiofaa wala ufisadi. Chifu na naibu wake ni watumishi wa umma, hawaruhusiwi kumfanyia kampeni mtu yeyote. Wengine mtasema: sisi wazee wa vijiji hatuna mshahara, hatuna barua ya ajira, sheria ya watumishi haitushiki. Huenda ni kweli, na mimi naona ni makosa ya serikali kumtumikisha mzee bure miaka ishirini kisha kumtaka awe safi kama jaji. Lakini kosa la kutoa na kupokea hongo ya kura halimuulizi mtu kama ana mshahara. Adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni mbili, au kifungo cha miaka sita, au vyote viwili.

Kwingine wameliandika jambo hili waziwazi. Ghana, katiba yao ya 1992 inasema chifu asiingie kwenye siasa za vyama, na akitaka ubunge kwanza ajiuzulu kiti chake cha uchifu. Zimbabwe, katiba ya 2013, kifungu cha 281, inamkataza kiongozi wa jadi kuwa mwanachama wa chama chochote au kufanya kazi kwa upendeleo wa chama. Na si maandishi tu. Mei 2018 Mahakama Kuu kule Masvingo ilimwamuru Chifu Fortune Charumbira, rais wa baraza la machifu wote, ayafute hadharani maneno yake ya kutaka machifu wakiunge mkono chama tawala, ZANU-PF. Hata hivyo uchaguzi ulipofika miezi miwili mbele, waangalizi bado waliripoti viongozi wa jadi wakiwashinikiza wanavijiji. Karatasi wanayo. Kilichobaki ni yule mzee kijijini, na orodha yake ya mbolea na chakula.

Hapo ndipo mzee wangu mmoja wa Faza aliniuliza kabla hatujaanza, na nimemuahidi jibu mbele ya watu. Kasema: "Mwalimu, kwani mimi si raia? Nimefunga mdomo mpaka lini?" Ami, wewe ni raia, na kura unayo. Moja. Ipige, na usiku ule ukitaka mwambie mke wako uliyempigia, akikubali kukusikiliza. Ukiulizwa barabara imeharibika, sema imeharibika, hata kama gavana atakasirika. Dawa hakuna zahanati, sema hakuna. Kutoegemea upande si kuwa bubu. Kitu ninachokuomba ni kwamba usiitumie kalamu ya orodha, wala ule mhuri, wala mashua. Na kama damu inachemka, unataka kupanda jukwaani na kofia ya chama, hakuna atakayekukataza. Mkabidhi kijana mwingine ile kazi ya mtaa kwanza, kisha kapande.

Kwa wenzetu wa visiwani, Kiwayu, Ndau na wengine, jambo la vyombo mlizungumze mapema. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne. Tazameni kalenda ya maji ya siku hiyo kabla wagombea hawajaitazama. Kijiji kikichanga mafuta chenyewe, hakuna mtu atakayepanda chombo huku anajiona ana deni. Mkikosa kabisa na chombo cha mgombea ndicho kilichopo, pandeni, si haramu kufika ng'ambo. Lakini kila mtu awe na kitambulisho chake mfukoni mwake.

Nalo ndilo ombi langu la leo, sina jingine. Najua, na nyinyi mnajua kwamba najua, kuna nyumba hapa ambazo ndani ya sanduku la nguo kuna vitambulisho vya watu. Vingine vililetwa viwekwe amana, vingine vilikuwa rehani ya deni la unga, vingine vilinunuliwa tangu uchaguzi uliopita na mnunuzi hakurudi kuvichukua. Sitauliza vimefikaje. Leo kabla ya Isha, au kesho kabla ya chombo kuondoka, kila kimoja kirudi kwa mwenyewe. Aliyekufa, apewe mwanawe. Anayeona haya kukirudisha kwa mkono, mimi nitakaa barazani kwangu mpaka saa tano usiku, taa nitaizima, aweke juu ya mkeka aende zake. Nitavipeleka mwenyewe nyumba hadi nyumba, na jina la aliyeleta halitatoka mdomoni mwangu.

Nimeambiwa maji yameanza kupwa na nahodha wa Faza anatufanyia ishara pale mlangoni. Wa Faza na Siyu tangulieni. Waliobaki, kuna maswali mawili nimeyaona kwa kina mama huko nyuma. Mama mwenye buibui, anza wewe.